Diski Imejaa, Nani Kaambiwa?

Mwaka 1975, maabara za Bell nchini Marekani zilipotoa toleo la sita la mfumo endeshi wa Unix, makosa ambayo mfumo ungeweza kuiripotia programu yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa na namba yake. Namba 28 ilikuwa ya diski iliyojaa. Programu ikiomba kuandika na nafasi ikakosekana, Unix iliirudishia namba hiyo papo hapo, na mtu aliyekaa mbele ya mashine akajua kwamba kazi yake haijahifadhiwa. Habari ilikuwa mbaya, lakini ilifika kwa mhusika na ilifika kwa wakati.

Data yenyewe haikwenda kwenye diski mara moja. Unix iliiweka kwanza kwenye kumbukumbu, ikaiandika baadaye diski ilipopata wasaa. Hata hivyo, kabla ya kuijibu programu kwamba imepokea, ilikuwa imekwisha kuitengea data hiyo bloku zake, yaani vipande vya nafasi, kwenye diski. Kuandika kuliweza kungoja, kutenga nafasi hakukungoja. Mambo haya mawili yalishikamana kwa sababu diski na programu vilikaa kwenye mashine moja. Diski ilipohamia kwenye kompyuta nyingine, upande wa pili wa waya, yalitengana, na wahandisi wametumia zaidi ya miaka 40 kuyaunganisha upya.

Kabla mtandao haujaingia kati ya programu na diski, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikuwa kimeongeza mambo mawili ambayo hadi leo yanakutwa karibu kila mahali. La kwanza lilitoka kwa Marshall Kirk McKusick, Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry, waliobuni mfumo mpya wa mafaili uliotoka pamoja na 4.2BSD, toleo la Unix la chuo hicho, mwaka 1983. Waliona kwamba diski ikikaribia kujaa huwa nzito: bloku za faili moja hutawanyika huku na kule kwa kukosa pa kukaa pamoja, na kasi hushuka hadi karibu nusu. Wakaweka akiba ya asilimia 10 ambayo mtumiaji wa kawaida haigusi. Aliyeruhusiwa kuingia humo ni root pekee, yaani msimamizi wa mfumo. Ndiyo maana amri ya df, inayoonyesha diski imetumika kiasi gani, iliweza kuonyesha asilimia 111 kwenye mashine za BSD. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Asilimia 100 ilikuwa mwisho wa sehemu ya watumiaji, na iliyozidi ilikuwa akiba inayoliwa.

La pili lilitoka mbali zaidi. Robert Elz, wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, aliandika utaratibu wa migao, ili mtumiaji mmoja asimeze diski ya watu wote. Kila mtu aliwekewa vikomo viwili. Kikomo laini aliweza kukivuka kwa muda huku akionywa kila aingiapo kwenye mashine; akipuuza maonyo, kikomo hicho kiligeuka kuwa kigumu. Kikomo cha pili kilikuwa kigumu tangu mwanzo, hakikuvukika kwa dakika hata moja. Kosa la kuvuka mgao lilipewa namba yake, 69, kwa kuwa diski kujaa na mgao wa mtu kwisha ni mambo tofauti: la kwanza linamhusu msimamizi, la pili linamhusu mwenyewe.

Ndipo ikaja Sun Microsystems. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1982 huko California ikiuza kompyuta za mezani kwa wahandisi na vyuo vikuu, na Bill Joy wa Berkeley alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Sehemu iliyoumiza mfuko wa mnunuzi ilikuwa diski. Diski kubwa iliyopendwa kwenye seva za wakati ule, Fujitsu Eagle, ilibeba megabaiti 474 kabla ya kupangiliwa, na bei yake ilikuwa takriban dola 10,000. Sun ikauza mashine zisizo na diski hata moja, kama Sun-2/50 na baadaye Sun-3/50. Zilikuwa na skrini, kichakataji, kumbukumbu na waya wa Ethernet, basi. Mafaili yote yalikaa kwenye seva moja, mashine nyingi zikila sahani moja.

Machi 1984 timu ndogo ya Sun ilianza kutengeneza mfumo wa kuzihudumia mashine hizo. Russel Sandberg, David Goldberg, Steve Kleiman, Dan Walsh na Bob Lyon waliuwasilisha kwenye mkutano wa USENIX mjini Portland, Oregon, kiangazi cha 1985. Mfumo huo ni NFS, na msingi wake ulikuwa wa kijasiri: seva isikumbuke chochote kuhusu wateja wake. Seva ikianguka na kuinuka, kompyuta mteja hurudia tu ombi lake hadi ijibiwe, na hakuna kilichopotea. Ili hilo litimie, seva ilitakiwa isijibu kwamba imeandika mpaka data iwe imekaa kwenye diski kwelikweli. Nafasi ikikosekana, jibu lilikuwa namba ileile 28, na mgao ukiisha, 69. Itifaki hiyo, ilipochapishwa Machi 1989 kama hati ya RFC 1094, ilibeba namba za Unix bila kuzibadili, zikavuka waya kama zilivyokuwa.

Upande wa seva, basi, ukweli ulilindwa. Tatizo lilizuka upande wa mteja.

Kila ombi la kuandika lilibeba data isiyozidi kilobaiti 8, na kila moja lilisubiri diski ya mbali izunguke na kuandika. Ulikuwa mwendo wa konokono. Sun iliziwekea kompyuta mteja wasaidizi wa chinichini, walioitwa biod, waliopokea data kutoka kwa programu na kuipeleka seva huku programu ikiendelea na shughuli zake. Programu iliambiwa papo hapo kwamba kazi imekwisha, ilhali seva, ambayo peke yake ilijua kama kuna nafasi, ilikuwa haijaulizwa. Ni sawa na karani wa ghala anayempa mkulima stakabadhi ya magunia getini, kabla ya kuuliza ndani kama kuna pa kuyaweka.

Namba 28 iliporudi kutoka kwenye seva, programu ilikuwa imekwisha songa mbele. Pengine ilikuwa inaandika ukurasa wa 10 ilhali uliokataliwa ni wa tatu. Apewe nani habari hiyo? Kiini cha mfumo kwenye kompyuta mteja kiliiandika kando ya faili husika na kungoja nafasi ya kuitoa: programu ikiandika tena, au ikiomba kwa amri ya fsync kuhakikishiwa kwamba kila kitu kimefika, au, ikishindikana kote huko, inapofunga faili kwa amri ya close. Kufunga faili kukalazimishwa kusubiri hadi data yote ifike kwenye seva. Close, amri ambayo kazi yake ilikuwa kuachia tu, ikawa mlango wa mwisho wa kupitishia habari mbaya.

Na hakuna aliyesimama mlangoni. Tangu Unix izaliwe, programu zilikuwa zimeandikwa na watu walioizoea diski ya ndani, ambako close haikushindwa kwa sababu za nafasi. Waliangalia jibu la kuandika, wakaipita close bila kugeuka. Kwenye NFS programu hizohizo zilipewa namba 28 mkononi zikaitupa. Mtumiaji alifunga faili, akaona kimya, akaenda nyumbani.

Madhara makubwa zaidi yalitoka kwenye vihariri maandishi. Kihariri kilichoandika juu ya faili la zamani kililifuta kwanza mpaka likabaki baiti 0, kisha kikaanza kuandika jipya. Diski ya seva ikiwa imejaa, la zamani lilikuwa limekwenda na jipya halikuingia, na mtu akapoteza vyote viwili kwa kubonyeza kitufe kilekile ambacho kazi yake ni kuhifadhi. Waandishi wa vihariri walijifunza kwa gharama: andika nakala mpya pembeni, hakikisha imefika, ndipo uipe jina la ile ya zamani. Njia hiyo ni salama, ingawa inadai nafasi ya nakala mbili kwa wakati mmoja, na nafasi ndicho kitu kisichokuwepo.

Hata ile akiba ya Berkeley haikumsaidia msimamizi akiwa mbali. NFS kwa kawaida haimwamini root wa mashine nyingine. Humgeuza kuwa mtu asiye na jina wala haki maalumu. Msimamizi aliyekaa mbele ya kompyuta mteja aliona nafasi ya akiba kwenye hesabu, akaikosa alipoihitaji. Ilibidi atembee hadi kwenye chumba cha seva.

Kufuta nako kulikuwa na mtego wake. Katika Unix, faili linaloondolewa wakati programu bado imelifungua hupotea jina tu. Nafasi yake hurudi programu ikilifunga. Seva ya NFS, kwa kuwa haikumbuki wateja, haiwezi kujua ni nani amefungua nini. Basi kompyuta mteja ilifanya hila: badala ya kuomba faili lifutwe, iliomba libadilishwe jina liwe .nfs na tarakimu kadhaa, kisha ililiondoa baadaye. Mteja akizimika katikati, faili hilo lilibaki kwenye seva bila mwenyewe, likila nafasi ambayo kila mtu aliamini imeachwa. SunOS ilikuja na kazi ya usiku iliyotafuta mafaili ya .nfs yenye umri wa zaidi ya siku 7 na kuyafagia. Mfumo uliojengwa juu ya kutokumbuka ulihitaji fagio la kila usiku.

Wako waliotafuta kasi kwa njia ya mkato. Baadhi ya seva zilijibu kwamba zimeandika ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu yao, kinyume na itifaki, na umeme ukikatika, kilichothibitishwa kinapotea. Kwenye Linux mtindo huo uliitwa async, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa chaguo la kawaida usipotaja lingine. Baada ya toleo la 1.0.0 la vifaa vya nfs-utils chaguo la kawaida likageuzwa kuwa sync, yaani kujibu baada ya kuandika. Mageuzi hayo yalizipunguzia seva nyingi kasi siku moja, na yalistahili. Seva inayosema imehifadhi kitu ambacho haijakihifadhi haina faida kwa yeyote, hata iwe na kasi ya upepo. Njia ya heshima ilikuwa ile ya Legato, kampuni ambayo Lyon na Sandberg walishiriki kuianzisha. Mwaka 1989 ilileta kadi ya Prestoserve, kumbukumbu yenye betri ambamo data ilikuwa salama umeme ukikatika, hivyo seva ikajibu haraka bila kudanganya.

Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh kilikuwa kikishirikiana na IBM kwenye mradi wa Andrew, uliopewa jina la kwanza la Carnegie na Mellon wote wawili. Mahadev Satyanarayanan, John Howard na wenzao walichukua njia nyingine kabisa. Kompyuta mteja ilileta faili zima kutoka seva na kuliweka kwenye diski yake. Mtumiaji alisoma na kuandika hapohapo bila kuisumbua seva, na faili lilirudishwa siku ya kulifunga. Mfano wa kwanza ulihudumia watu takriban 400 kwenye kompyuta 100 na seva sita. Kuhusu nafasi, Andrew ilikuwa NFS iliyosukumwa hadi ukingoni: seva haikuulizwa lolote mpaka close. Mtu aliweza kuandika asubuhi nzima bila kikwazo, kisha jibu la kukataliwa likamfikia kwenye amri ileile ambayo programu hazikuiangalia.

Hata hivyo Andrew ilileta dawa ambayo NFS haikuwa nayo. Mafaili yaligawanywa katika vyumba vilivyoitwa volyumu, kila kimoja na mgao wake, na msimamizi aliweza kuihamisha volyumu kutoka seva iliyojaa kwenda yenye nafasi huku mwenye mafaili akiendelea na kazi, jina la faili likibaki lilelile. Kwenye NFS ya wakati ule, kuhamisha mafaili ya idara kulimaanisha kutangaza siku ya kusimamisha kazi na kupita kila mashine kubadilisha mpangilio. Kwa wasimamizi wa vyuo vikuu, uwezo huo peke yake ulitosha kuwafanya wavumilie ugumu wote wa Andrew.

NFS nayo ilikua. Toleo la tatu, lililochapishwa Juni 1995 kama RFC 1813, lilihalalisha kungoja kwa masharti. Seva iliruhusiwa kupokea data na kuiweka kwenye kumbukumbu, mradi ikiri wazi kwamba bado haijaiandika. Mteja alibaki na nakala yake mpaka alipotuma ombi la COMMIT na kujibiwa kwamba sasa iko kwenye diski. Kila jibu lilibeba alama ambayo hubadilika seva ikianguka na kuwaka upya. Mteja akiona alama imebadilika, hutuma data upya. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa usalama wa data, na saizi za mafaili na diski zikapewa tarakimu za kutosha, kwa kuwa hesabu za toleo la pili zilikuwa zimeanza kushindwa na diski mpya. Ila mteja bado hakujua, alipoipokea data kutoka kwa programu, kama seva ina pa kuiweka.

Kufikia hapo kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilichukulia kuwa dhahiri: diski ikijaa, futa kitu. Mwaka 1992 David Hitz, James Lau na Michael Malcolm walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa NetApp, na mfumo wao wa mafaili, WAFL, ulibadilisha hata hilo. WAFL haiandiki juu ya bloku ya zamani. Huandika pengine na kuacha ya zamani ilivyokuwa. Kwa hiyo iliweza kuhifadhi picha za mafaili yote kama yalivyokuwa saa moja iliyopita, jana au juzi, kwa gharama ndogo. Aliyefuta faili kwa bahati mbaya aliingia kwenye folda ya .snapshot na kulichukua mwenyewe bila kumwita mtu. Watumiaji waliupenda uwezo huo, na walikuwa na haki.

Upande wa pili wa neema hiyo ni kwamba faili lililofutwa haliachii nafasi maadamu kuna picha inayolikumbuka. Msimamizi aliona diski imejaa, akafuta gigabaiti kadhaa, akaangalia tena, na hakuna kilichobadilika. NetApp ilitenga asilimia 20 ya nafasi kwa ajili ya picha hizo kama desturi, lakini picha zikivuka fungu lao huanza kula la watumiaji. Ilibidi kizazi kizima cha wasimamizi kijifunze kuhesabu nafasi upya: ya mafaili yaliyopo, ya mafaili yaliyokuwepo, na iliyobaki.

ZFS, iliyobuniwa ndani ya Sun na Jeff Bonwick, Matthew Ahrens na wenzao na kutolewa wazi mwaka 2005, ilifuata mtindo huo wa kutoandika juu ya kilichopo, na ikakutana na mtego wake ulio mchungu kuliko wote. Kufuta faili ni kubadilisha saraka, na kubadilisha saraka ni kuandika bloku mpya mahali patupu. Pasipokuwa na mahali patupu, amri ya kufuta hurudi na ujumbe uleule: hakuna nafasi. Mtu anaomba ruhusa ya kupunguza mzigo na anakataliwa kwa sababu mzigo ni mkubwa. Wasimamizi wenye uzoefu walijua njia ya kutokea, kulikata faili kubwa mpaka libaki baiti 0 badala ya kulifuta, na mara nyingi ilifanya kazi. Baadaye OpenZFS ilitenga sehemu moja kati ya 32 ya hifadhi yote isiguswe na data ya kawaida, ili kufuta kuwezekane siku zote. Wazo la Berkeley la 1983 lilirudi likiwa na kazi mpya: mwanzo akiba ililinda kasi, sasa inalinda njia ya kutokea.

Seva moja ikawa mamia, mamia yakawa maelfu. Mwaka 2003 Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza mfumo wa mafaili wa Google, uliokata kila faili katika vipande vya megabaiti 64 na kuweka nakala tatu za kila kipande kwenye mashine tofauti. Kundi lao kubwa zaidi lilikuwa na mamia ya terabaiti kwenye mashine zaidi ya 1,000. Hapo swali la kujaa likachukua sura nyingine, maana diski zote hazijai kwa pamoja. Kipande kipya kilipelekwa kwenye mashine ambayo diski zake zimejaa chini ya wastani. Lakini wabunifu waliona hatari isiyo wazi kwa haraka: ukiongeza mashine tupu, kila kipande kipya kitaikimbilia, na itaelemewa na kazi siku ya kwanza. Kwa hiyo waliwekea kikomo idadi ya vipande ambavyo mashine moja hupokea kwa muda mfupi. Kufuta nako kulipewa subira. Faili lilibadilishwa jina na kufichwa, likaondolewa baada ya siku tatu, ili aliyekosea apate kujirudi.

Ceph, iliyoanza kama utafiti wa Sage Weil kwenye Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kuelezwa hadharani mwaka 2006, ilijibu kwa ukali zaidi. Ina ngazi tatu za tahadhari ambazo kila msimamizi wake anazijua kwa moyo: diski ikifika asilimia 85 onyo hutolewa, ikifika 90 haipokei tena nakala zinazohamishwa kutoka diski nyingine, na ikifika 95 uandishi unasimamishwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba diski moja tu ikigusa 95 inatosha kuwasimamisha watu wote wanaoitegemea, hata kama nyingine zina nafasi tele. Sababu yake ni nzito. Mfumo huu husambaza data kwa hesabu, bila kumuuliza mtu, na diski ikifa lazima nakala zake zijengwe upya kwingine. Diski zikiachwa zijae pomoni, siku mojawapo ikifa, nyingine hazitakuwa na pa kuipokea data yake. Asilimia 5 iliyobaki ni ya siku ya ajali.

Lustre, iliyoanzishwa na Peter Braam mwaka 1999 na kutumika kwenye kompyuta kubwa za kisayansi, ndiyo iliyokabili ana kwa ana lile pengo la NFS ya 1985. Seva humpa kila mteja kibali cha nafasi mapema: kiasi fulani cha diski kimetengwa kwa ajili yake. Mteja akipokea data kutoka kwa programu, huipokea ndani ya kibali chake, akijua pa kuiweka papo. Kibali kikiisha, huacha kungoja na kuandika moja kwa moja kwenye seva, ili kama nafasi hakuna, programu ijue hapohapo. Gharama yake iko wazi. Ukiwa na wateja maelfu, vibali vyenyewe hushika nafasi kubwa, na mtu anaweza kukataliwa ilhali diski ina sehemu ambayo wengine wameahidiwa lakini hawajaitumia. Hiyo ni bei ya haki. Afadhali kukataliwa mapema, kazi ikiwa bado mkononi, kuliko kukubaliwa kwa uongo.

NFS yenyewe ilifika huko kwa mwendo wa taratibu. Toleo la nne, lililochapishwa upya Aprili 2003 kama RFC 3530, lilimruhusu mteja kushikilia faili peke yake na kuahirisha kuipelekea seva data hata baada ya kulifunga. Lakini seva inapotoa ruhusa hiyo hutaja pia kikomo cha nafasi: kiasi ambacho mteja anaweza kuongeza akiwa na uhakika kwamba hakitakataliwa. Na Novemba 2016 toleo la 4.2, katika RFC 7862, lilileta ombi la ALLOCATE. Programu inaweza sasa kuiomba seva itenge nafasi kabla ya kuandika baiti hata moja, na seva ikikubali, uandishi ndani ya eneo hilo hautashindwa kwa kukosa nafasi. Kilichofanywa na Unix kwenye diski ya ndani miaka ya 1970 bila kuombwa kimekuwa haki inayopatikana kupitia waya, kwa anayejua kuidai.

Wengi hawaidai. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba walikuwa wameielewa fsync vibaya kwa miaka mingi. Kwenye Linux, uandishi ukishindwa, fsync iliweza kutoa habari mara moja tu. Ukiuliza mara ya pili unaambiwa mambo ni shwari, ilhali data haipo. PostgreSQL ilikuwa na mazoea ya kuuliza tena, na ikaliamini jibu la pili. Mjadala ulipopamba moto, NFS iliyojaa ilitajwa miongoni mwa njia za kufikia balaa hilo, kwa kuwa huko namba 28 huja kwa kuchelewa. Linux ilikuwa imeanza kurekebisha utaratibu wa kuripoti makosa hayo kwenye toleo la 4.13 mwaka 2017. Februari 2019 PostgreSQL ikatoa uamuzi wake: fsync ikishindwa, hifadhidata inajizima yenyewe na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu ya miamala. Ni uamuzi mkali, na ndio sahihi.

Na anayedhani kwamba diski kujaa ni shida ya zamani aitazame Japani. Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda vyote 14 vya Toyota vya kuunganisha magari nchini humo vilisimama. Siku mbili kabla, wakati wa matengenezo ya kawaida, data ilikuwa ikifutwa na kupangwa upya kwenye hifadhidata ya seva zinazoagiza vipuri, nafasi ya diski ikaisha katikati ya kazi hiyo. Seva za akiba zilikuwepo, lakini zilitumia mfumo uleule, zikashindwa vilevile. Kazi ilirudi data ilipohamishiwa kwenye seva yenye diski kubwa zaidi, na Septemba 6 kampuni ikaeleza chanzo hadharani.

Mwongozo wa amri ya close kwenye Linux hadi leo unaonya kwamba kutoangalia jibu lake kunaweza kupoteza data kimyakimya, na unataja NFS na migao kwa majina. Programu mpya zinaandikwa kila siku, Dar es Salaam na Nairobi kama kwingineko, zikihifadhi malipo, vipimo vya wagonjwa na matokeo ya mitihani kwenye diski ambazo mwandishi wake hajawahi kuziona. Anayeziandika aombe fsync kabla ya kumwambia mtu kwamba kazi yake imehifadhiwa, asome jibu la fsync na la close pia, na likiwa 28, amwambie mtumiaji hapohapo, faili likiwa bado liko wazi mbele yake.